Lita Ishirini

Batuli alikuja na daftari kifuani,
penseli ameitafuna hadi risasi yachungulia.
"Mjomba, hesabu hii yanishinda.
Mwalimu aitaka kesho, na mama yuko zamu hospitali."

Nikaisoma kwa sauti, kama karani wa korti:
Debe lina lita ishirini.
Maziwa ni asilimia themanini, yaliyobaki ni maji.
Yaongezwe maziwa lita ngapi
ili maziwa yawe asilimia tisini?

Moyo ukanipiga.
Kati ya hesabu zote za dunia,
magari yanayokutana njiani, mkulima na ua wake,
kitabu kimechagua debe la maziwa.

Alikuwa ameandika mbili, akafuta,
akaandika tena, karatasi ikatoboka.
"Themanini hadi tisini ni kumi.
Kumi kwa mia ya ishirini ni mbili. Si ndivyo?"
Sivyo. Lakini nilimwelewa.
Nami niliwahi kudhani
pengo dogo huzibwa kwa kidogo.

Nikavitoa vifuniko vya soda kwenye kopo la misumari,
vyeupe vinne, cha buluu kimoja,
nikavipanga mezani kati ya makombo ya mahamri.
"Kila kimoja ni lita nne. Cha buluu ni maji.
Maziwa yaache kwanza, hiki ndicho ukitazame.
Ukimimina maziwa, chaongezeka?"

Nje mkokoteni wa muuza maji ulipita,
gurudumu moja likilia.

"Hakiongezeki."
"Chapungua?"
"Hakipungui. Ni kile kile."
"Basi maziwa yakiwa tisini, maji ni ngapi?"
"Kumi kwa mia. Moja katika kumi."
Nikanyamaza. Mtoto akifika mlangoni
usimsukume; mwache apige hodi mwenyewe.

Kidole kikaingia koponi,
kikavuta cheupe, na cheupe, na cheupe,
hadi vikawa tisa na kile kimoja.
"Nimeongeza vitano! Mara nne..."
Akakunja uso.
"Lita ishirini? Mjomba, debe zima?
Na maji yalikuwa lita nne tu!"
"Debe zima."
"Na kufika mia?"
"Mia haifiki. Hata uwakamue ng'ombe wote wa Kisauni.
Yatakaribia, yatakaribia,
lakini maji yakishaingia, yameingia."

Akaniangalia kwa yale macho ya mamake.
"Na wewe uliacha shule darasa la sita.
Umejuaje upesi hivi?"

Ningeweza kusema: akili.
Nikamwambia baiskeli na madumu mawili,
alfajiri, kabla ya daraja la Nyali;
bomba nyuma ya gereji Kongowea,
lita nne kila dumu, mkono haukutetemeka.
Nikamwambia Bi Mwanahawa wa kibanda cha chai Mwembe Tayari,
alivyodondosha tone juu ya ukucha wa gumba,
likateleza, likaanguka.
Hakunitukana. Alinilipa zote, shilingi kwa shilingi.
Kesho yake alikuwa na muuzaji mwingine.

"Ukafanyaje?"

Nilimpelekea maziwa safi, ya bure, kwa miezi mitatu.
Aliyapokea. Alinikaribisha kiti.
Na kila asubuhi, mbele yangu,
tone moja juu ya ukucha.

Sasa nauza misumari, haitiwi maji.

Batuli hakusema kitu. Aliandika njia yote,
mstari kwa mstari, akapiga mstari chini ya jibu,
akarudisha vifuniko koponi
isipokuwa kile cha buluu. Hicho alikitia mfukoni.

Asubuhi nilimkuta jikoni na sare yake,
chai haijamiminwa,
amechovya kidole kwenye jagi la maziwa,
anautazama ukucha wake
dirishani, penye mwanga.